Betri Chini ya Kitanda

Agosti mwaka jana gari aina ya Hiace liliingia Litein likiwa na kitanda ndani. Nalieleza hivyo kwa sababu ndivyo watu wa sokoni walivyolieleza walipokuja kumwita Baba Mdogo: "Fundi, kuna gari lina kitanda, friji yake imekufa." Wenyewe walikuwa mume na mke, vijana wa Nairobi, waliong'oa viti vyote vya matatu kuukuu na kuweka kitanda, meko, sinki na kafriji kadogo. Walikuwa wanaelekea Maasai Mara kupitia Bomet. Wakaona mashamba ya chai, wakayapenda, wakalala siku 3 upande wa Kericho. Siku zote 3 mvua ilinyesha.

Baba Mdogo hakuuliza habari ya injini. Injini ilikuwa na betri yake na ilikuwa inawaka vizuri tu. Aliuliza, "Ya nyumba iko wapi?"

Yule dada akainua godoro. Chini ya kitanda kulikuwa na betri mbili zilizounganishwa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Moja ilikuwa mpya, inang'aa. Nyingine ilikuwa na vumbi la miaka. Baba Mdogo akaweka kipimo: volti 11.4. Akafungua vifuniko vya ile ya zamani, akamulika na tochi ya simu. Maji yalikuwa yameshuka mpaka vichwa vya pleti vinaonekana, vimeota weupe.

"Kijana," akamwambia yule mume, "hii gari yako imekuwa nyumba. Na mimi nimetibu nyumba za aina hii miaka 30."

Nilicheka pamoja na wengine. Usiku nilipolala maneno yale yakarudi. Nilisoma historia chuo kikuu kabla ya kuacha mwaka wa pili, bonasi ya chai ilipokuja ndogo na karo ikakosa pa kutoka. Kwa ule muda niliokaa darasani nilifundishwa reli, nikafundishwa kodi ya kichwa, nikafundishwa jinsi ardhi ya huku ilivyochukuliwa na kuwa mashamba makubwa ya chai. Hakuna aliyewahi kunifundisha habari ya betri. Na bado, ukiniuliza watu wa Kericho na Bomet waliingiaje katika dunia ya stima, siwezi kukuanzia kwenye nguzo na nyaya. Lazima nianzie chini ya kitanda.

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Betri ya risasi na asidi aliitengeneza Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hadi leo kanuni ni ile ile. Ndani mna seli 6, kila moja ina kama volti 2, ndiyo maana jumla ni 12. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikifika 12.0 ujue ni nusu au chini ya hapo. Ile ya kwenye 11.4, hiyo tayari inaumia. Ukiiacha tupu kwa wiki kadhaa, pleti huota chumvi ngumu ambayo chaja haiwezi tena kuiyeyusha. Kwa lugha ya Baba Mdogo, betri imelala na haitaki kuamka.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Betri ya gari ina pleti nyembamba nyingi. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha altaneta iijaze tena njiani. Betri ya nyumba inatakiwa iwe na pleti nene, kwa sababu kazi yake ni kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Ukiifanya ya gari kuwa ya nyumba, ukainyonya mpaka chini kila siku, haitakaa sana. Na ukiifunga mpya pamoja na mzee, mzee ataivuta mpya mpaka wazeeke wote. Hilo ndilo lililowapata wale vijana. Walinunua moja ili isaidie ya zamani, kumbe wamempa mgonjwa mtu wa kumwambukiza.

Sababu ya pili ilikuwa juu ya paa. Walikuwa wamefunga paneli nzuri tu, lakini chai haipandwi mahali pa jua kali. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, na mvua ya mawe huko si habari ya kuandikwa gazetini. Mwezi wa saba na wa nane unaweza kuamka na wingu na ukalala nalo. Majani ya chai hufurahi, paneli hulia. Na kwa kuwa gari lilikuwa limeegeshwa, hata altaneta haikupata nafasi ya kusaidia.

Haya yote watu wa huku waliyajua zamani, tena bila gari.

Ukisimama kwenye kilima chochote kati ya Kericho na Bomet usiku wa miaka ya 90, ungeona historia yetu kwa macho. Upande mmoja kuna mashamba ya makampuni makubwa. Makampuni hayo yana vituo vyake vidogo vya umeme wa maji tangu enzi za mkoloni, kwa hiyo viwanda na nyumba za mameneja vilimetameta. Upande wa pili kuna sisi wenye vishamba vya ekari moja au mbili, tunaopeleka majani kwenye viwanda vya KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo. Upande huo ulikuwa giza na taa za koroboi. Mito ilikuwa ile ile. Kipsonoi na Yurith hukutana na kuwa Sondu, na Sondu ndio unaozungusha mitambo ya Sondu Miriu, megawati 60, iliyokuwa inafanya kazi yote miwili kufikia mwaka 2008. Maji yalipita kwetu, yakaenda kuwa stima chini huko, na stima ikapita juu ya vichwa vyetu kwenye nguzo ndefu.

Kilichovunja giza la upande wetu ni bonasi. Mkulima wa chai hulipwa kidogo kila mwezi, na mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba, hulipwa bonasi. Hiyo ndiyo pesa ya mabati, ya karo, ya ng'ombe wa maziwa. Katika miaka ya 80 na 90 ikawa pia pesa ya televisheni. Nyumba nyingi ninazozikumbuka zilikuwa na Great Wall ya Mchina, inchi 14, nyeusi na nyeupe, yenye tundu la volti 12 nyuma. Tundu lile lilisema wazi: hii imetengenezewa watu wasio na stima. Ukishanunua televisheni unahitaji betri, na duka la karibu lilikuwa na betri za magari. Basi kijiji kisichokuwa na gari hata moja kikajaa betri za magari.

Sola ilifuata. Mwaka 1984 Wamarekani wawili waliokuwa wamekuja Afrika na Peace Corps, Harold Burris na Mark Hankins, walifunga sola katika shule ya harambee ya Karamugi, upande wa Meru, na wakafundisha mafundi wa pale pale. Kutoka hapo biashara ilienea bila serikali kuisukuma. Watafiti waliokuja baadaye walikuta kwamba wanunuzi walikuwa walimu na wakulima wa mazao ya kuuzwa, hasa chai na kahawa, na kwamba kilichowavuta zaidi ilikuwa televisheni. Vipaneli vya wati 12 au 14 viliuzwa juu ya kaunta kama redio. Kenya ikatajwa duniani kama nchi ambako watu wanajinunulia jua wenyewe.

Lakini kipaneli cha wati 12 chini ya wingu la Kericho hakiwezi kuijaza betri ya gari. Hesabu yenyewe ni rahisi: kilitoa kidogo kuliko televisheni ilivyokula. Kwa hiyo hata mwenye sola alibeba betri kwenda kuchajisha. Na hapo ndipo Baba Mdogo alipopata kazi.

Alianza kwenye kinu cha kusaga mahindi. Mwenye kinu alikuwa na injini ya dizeli, na Baba Mdogo akafunga mkanda kutoka kwenye injini hadi kwenye altaneta ya lori lililokufa. Mahindi yakisagwa, betri zinajaa. Siku ya soko zilikuja kwa punda, kwa wilbaro, kwa baiskeli na kwa migongo ya akina mama waliokuwa wamezoea kikapu cha majani. Betri ina kama kilo 15. Kila moja iliandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha, maana chaki hufutika na mvua. Mama yangu alikuwa na sweta la kijani lenye vitundu mgongoni, kila kitundu tone la asidi. Watu walijua nyumba yenye televisheni kwa kuangalia sweta la mama wa nyumba hiyo.

Kuchaji vizuri huchukua muda. Betri haipendi kuharakishwa. Ukiilazimisha ijae kwa saa 2 inachemka, inatoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja, na maji yanakauka. Baba Mdogo alikataa mtu kuwasha sigara pale, hata chifu. Aliongeza maji safi ya betri peke yake, kamwe si asidi, kwa kuwa kinachokauka ni maji na asidi hubaki. Aliwaambia watu wasiimalize betri, waache nusu. Walimsikiliza jinsi mgonjwa anavyomsikiliza daktari: ndiyo, ndiyo, halafu taarifa ya habari inaendelea, nani atazima?

Nakumbuka tarehe 18 Agosti 2008. Nilikuwa na miaka 10. Pamela Jelimo alikuwa anakimbia fainali ya mita 800 Beijing, na hakuna mwanamke Mkenya aliyekuwa amewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki. Siku 2 kabla, Mama alichomoa waya wa televisheni, akauweka kwenye pochi yake. Hakuna vipindi, hakuna habari, hakuna kuchaji simu ya mtu. Jioni ile sebule yetu ilikuwa na watu mpaka dirishani. Betri ikichoka, picha ya Great Wall hujikunja kutoka pembeni, inabaki mraba mdogo katikati wenye kingo nyeusi. Jelimo alipoanza kuwaacha wenzake picha ilikuwa imeanza kujikunja. Watu walinyamaza kama walio kanisani. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 54, picha ikiwa kubwa kama kitabu cha shule. Wimbo wa taifa hatukuuona. Tuliusikia kwa redio ya jirani.

Naipenda sana kumbukumbu ile, na kwa miaka mingi nikisimulia habari ya betri nilikuwa naishia hapo. Kuna nusu ya pili.

Betri ya gari inayofanya kazi ya nyumba hukaa mwaka, miwili, mitatu ikiwa na bahati. Katika kijiji chenye nyumba nyingi zenye betri, maana yake kila mwezi kuna inayokufa. Swali ambalo hakuna aliyeuliza ni hili: zilikuwa zinaenda wapi?

Nyingi zilikuja kwa Baba Mdogo. Watu hawakuwa na pesa ya betri mpya katikati ya mwaka, kwa hiyo yeye aliifungua iliyokufa, akatafuta seli mbovu, akaitoa, akaweka seli nzima kutoka betri nyingine. Ili kuunganisha seli unahitaji risasi iliyoyeyushwa. Kwa wasiojua, risasi ya bunduki imepata jina kutoka kwa madini haya haya. Aliyeyusha risasi nyuma ya jikoni yetu, kwenye sufuria kuukuu juu ya makaa, na asidi iliyobaki aliimwaga penye mteremko. Mimi ndiye niliyekuwa napuliza moto. Nilikuwa na miaka 7, 8, 9. Risasi ikiyeyuka inang'aa kama fedha, na mtoto yeyote angetaka kukaa karibu. Matone yaliyodondoka niliyaokota, nikayafanya magurudumu ya vigari vyangu. Mengine niliyatia mdomoni. Yana utamu kidogo.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho nikaifuta mara 2. Naiacha.

Nilikuja kujua maana yake nikiwa chuo, kwa kusoma habari za Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwa nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa pale, na mtoto wake mchanga akaugua. Akapimwa, akakutwa na risasi katika damu. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Omido akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikauvunja uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto huumia zaidi, hasa ubongo wake.

Nilisoma hayo nikiwa nimekaa maktaba, mwaka ule ule niliokuwa nafeli. Sisemi kwamba nilifeli kwa sababu ya risasi. Nilifeli na nikakosa karo, na watu wengi hufeli na kukosa karo bila kulamba kitu. Lakini tangu siku ile swali limekaa, na halina mtu wa kulijibu. Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda chenye mlango na jina, ukaweza kukishtaki. Kwetu kulikuwa na sufuria, na mwenye sufuria ndiye aliyenilipia karo ya sekondari.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kutoka mwaka 2012 zikaja sola za kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa, M-KOPA wakiwa mbele, zikiwa na betri ndogo na taa zisizokula sana. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wa Last Mile, ada ya kuunganishiwa stima ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nguzo zikafika hata kwetu. Stima ikipotea kwa mvua, watu huwasha sola. Altaneta ya kinu iliuzwa kama chuma. Baba Mdogo sasa anatengeneza betri za boda boda na magari, na mara moja moja gari lenye kitanda.

Wale vijana aliwashauri hivi. Watoe ya zamani kabisa, wasiifunge tena na mpya. Mpya aliichaji polepole usiku kucha kwa stima, asubuhi ikasoma 12.6, akasema itawafikisha. Wakirudi Nairobi, wakitaka kuendelea kulala garini wanunue betri mbili za pleti nene, za aina moja, siku moja. Wakitaka lithiamu, wasiiunganishe moja kwa moja na altaneta, waweke chaja ya katikati, la sivyo itaivuta altaneta mpaka iungue. Na wasiegeshe siku 3 chini ya wingu wakitegemea paneli.

"Na hii ya zamani tukuachie, mzee?" yule mume akauliza. "Utapata kitu kidogo."

Angepata. Wanunuzi wa vyuma hupita na mizani, hulipa kwa kilo, na hakuna anayewauliza wanapeleka wapi. Baba Mdogo alinitazama. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemweleza habari ya Owino Uhuru, naye alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, akaingia ndani. Hatujawahi kuirudia.

"Hapana," akasema. "Rudi nayo dukani utakakonunua mpya. Watakupunguzia bei. Ifunge ikiwa imesimama, isimwagike." Akaifuta kwa kitambaa, akaiweka mwenyewe ndani ya gari. Wakasema kongoi kwa lafudhi ya Nairobi, tukacheka, wakaondoka kuelekea Bomet.

Jioni nilimwomba Mama ahamishe sukuma wiki kutoka nyuma ya jikoni. Akauliza kwa nini, pale ndipo penye rutuba. Nikamweleza yote, pamoja na vile vigari vyangu. Alikaa kimya kwa muda, akichagua mboga.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unapenda kukaa pale," akasema.

Wiki iliyofuata alihamisha bustani. Baba Mdogo ndiye aliyemlimia mahali papya. Mimi bado sijaenda kupimwa damu.